Sauti Iliyohamishwa

Faili la kwanza lilikwenda upande usiotakiwa. Fundi alikuwa nyumbani kwake, anatengeneza kompyuta ya mteja wa mbali kupitia mtandao, mara akaona kitu kinatoka kwake kwenda kule, chenyewe. Wa kulaumiwa alikuwa yeye. Kwa uvivu alizoea kumfungulia kila mteja diski yake nzima, asihangaike kutuma faili mojamoja.

Akalisoma jina: "Binti anaimba." Halikuwa linanakiliwa. Lilikuwa linahamishwa.

Chumba cha pili, bintiye wa miaka sita, aliyekuwa akiimba tangu asubuhi, akanyamaza katikati ya neno.

"Mwanangu?"

Mtoto akaja mbio, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, sauti hana hata chembe. Fundi, mama yake, akaikwapua simu. Akampigia mteja.

"Dada, tafadhali, usiiguse kompyuta yako!"

"Kompyuta ipi, fundi?" mteja akanong'ona. "Huku umeme hakuna tangu asubuhi, nimeichomoa kabisa. Nilijua umeahirisha. Ila... humu ofisini kuna mtoto anaimba, na simwoni."

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Fundi akanyoosha kidole akate muunganisho, kidole kikagoma, maana kazi yake aliijua: akikata, njia inafungwa na kilichohamia kule kinabaki kule, asipokata, mlango uko wazi na jini lililoko upande wa pili linaendelea kupekua, picha za mtoto, siku zake za kuzaliwa, vicheko vyake, huku mshale ukitembea kwenye kioo bila kuguswa na mtu, taratibu, kama mama anayechagua nyanya sokoni.

Maneno yakajiandika: NIPE NYINGINE, NIKURUDISHIE HII.

Hakujiuliza mara mbili. Akawasha kinasa sauti, akasema, "Chukua yangu," akaliburuta faili kwa mkono wake mwenyewe.

Papo hapo binti akapiga ukelele. Fundi akakata muunganisho, akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Mama! Naongea! Umesikia?"

Fundi akafungua kinywa amjibu. Hakikutoka kitu.

"Mama, mbona hunijibu?"

Simu ikaita, alikuwa mteja. Mtoto akaiwahi, akasikiliza, kisha akageuka kumtazama mama yake aliyesimama mbele yake.

"Ni wewe," akasema polepole. "Unaniambia nikufuate huko."