Zinki Iliyonyakuliwa

Kabula alikuwa anapita kwenye vibanda vya mchele katika soko la Mpanda alipogongana na gunia. Gunia lilikuwa begani mwa Ladislas.

"Samahani, dada," alisema bila kutazama. Kisha akamtazama, akalitua gunia chini.

Shati lake jeupe lilikuwa na pumba hadi kwenye kola. Kabula alivaa gauni la kitenge cha bluu, lile ambalo Ladislas alizoea kulisifia. Alijuta kulivaa.

"Mtani," alisema Kabula kwa sauti ndogo.

"Mtani wako alibaki maabara. Hapa nauza mchele wa kutoka Mamba. Nikupimie?"

Kabula ni Msukuma na Ladislas ni Mfipa, makabila yanayotaniana. Mapenzi yao yalianza kwa kejeli za utani katika maabara ya chuo, wakichunguza virusi vya panya wa mashambani. Kirusi hicho huvaa utando, na protini za utando huo ndizo zinazokiwezesha kuingia kwenye seli. Kabula alichunguza mkia wa mojawapo ya protini hizo, ambao hujikunja kwa kushikilia zinki. Zinki ikitoka, mkunjo hufumuka. Vipimo vilipoonyesha mkia umefumuka, Kabula alimnyooshea Ladislas kidole mbele ya Profesa Specioza, kwamba alisahau kuweka zinki. Mkataba wa Ladislas haukuongezwa.

"Niliiweka," alisema Ladislas.

"Najua."

"Umejua lini?"

Kabula alishika ukingo wa meza ya mchele. "Mwezi wa pili, niliporudia vipimo. Ni ile EDTA. Mimi ndiye niliyekuagiza uichanganye ili protini isiharibike."

Ladislas aliijua dawa hiyo. Hospitali huiweka kwenye vichupa ili damu isigande, kwa kuwa hunyakua madini. Ilikuwa imenyakua zinki yote.

"Mwezi wa pili," alirudia. "Na sasa watu wanavuna mahindi."

"Niliogopa."

"Mama yangu pale Kawajense anaamini nilifukuzwa kwa uzembe. Ameacha kwenda kwaya kwa aibu. Ungewatukana Wafipa wote, ningecheka. Siku ile hukunitania, Kabula."

Kabula alitoa simu, akapiga, akafungua spika.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umepata panya wa utafiti huko Kasokola?"

"Bado. Nimempata Ladislas. Kosa la zinki lilikuwa langu. Nililijua, nikanyamaza."

Muuza dagaa aliita wateja.

"Unajua shahada yako haitatoka mwaka huu?"

"Najua."

"Niandikie kila kitu leo. Ladislas, kama unanisikia, nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia, Mama," alijibu Ladislas. Simu ikakatika.

Kabula alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Samahani yangu haitoshi."

"Haitoshi. Mtani akikosea hutozwa faini."

"Taja."

"Baba yako apunguze ng'ombe wa mahari. Nyie Wasukuma mnaozesha binti au mnaanzisha mnada?"

Kabula alicheka huku machozi yakimtoka. "Hapunguzi hata ndama."

"Basi nitakwenda kubishana naye. Lakini kwanza utamwambia mama yangu, kwa mdomo wako."

"Leo?"

"Sasa hivi. Yuko nyumbani, anapepeta mchele."

Kicheko kilimwisha Kabula. Alijifunga mtandio vizuri, akashika njia ya Kawajense. Ladislas alifunga kibanda chake, akamfuata. Mbele ya mama yake hapangekuwa na utani wa kujikingia.