Pua ya Mama Domitille

Kila asubui mama mukwe wangu, Domitille, alikuwa anainamia kibuyu cha maziwa. Anafunga macho, ananusa polepole, sawa mutu mwenye kuota.

"Hii ni ya leo. Ile ni ya jana."

Hakukosea hata siku moja. Njo maana batu ya mutaa wetu, Nyakasanza, walinunua kwake tu.

Kiangazi kikafika. Mavumbi mekundu ya barabara ikaingia mpaka ndani ya shuka. Mama akaanza kupiga chafya bila kuhesabu. Macho ikamuwasha, pua ikaziba. Siku moja akauzisha maziwa yenye kuharibika, hakujua. Mama Élise, mununuzi wake wa miaka yote, akarudisha chupa.

"Domitille, unataka kuua bajukuu yangu?"

Mama alikaa na kibuyu kwenye mapaja, ananusa, ananusa tena.

"Joëlle, ni kama kunusa jiwe," akaniambia.

Kesho yake nikamukuta anaponda majani machungu ya mululuza, atoneshe maji yake ndani ya pua.

"Ni dawa ya asili. Haiwezi kuua mutu."

"Ngoja kwanza, mama."

Nikaita jirani yetu Scholastique, muuguzi wa kituo cha afya. Akaangalia yale majani.

"Pilipili pia ni ya asili, mama. Utaitia puani?"

Mama akacheka, akapiga chafya. Scholastique akamugusa kipaji.

"Hauna homa. Hii ni aleji. Pua yako inakataa mavumbi. Uioshe na maji ya chumvi."

Akatuonyesha. Kopo moja ya maji yenye kuchemka vizuri, halafu kupoa. Nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kichupa kipya cha kupuliza, chenye kuoshwa na maji ya moto.

"Inama kidogo, pumua kwa kinywa, puliza maji ndani ya kila tundu ya pua. Asubui na magaribi. Kila siku tengeneza maji mapya. Kichupa ni yako peke yako. Kama haitulii, ao damu inatoka, ao pumzi inakata, kuja kituoni."

Akanigeukia.

"Na weye, unafagia kiwanja kikavu hivi? Mwanga maji kwanza!"

Kumbe kila asubui miye njo nilikuwa namurushia mavumbi.

Siku zikapita, mama anaosha pua yake. Asubui moja, udongo ukiwa mubichi nyuma ya ufagio wangu, mama akainamia kibuyu. Akafunga macho. Akakawia.

"Nasikia harufu ya moshi ya majani," akasema polepole. "Ndama ya Boga, kule nilizaliwa. Joëlle, ni kama marehemu mama yangu iko hapa."

Sikusogea, nisimuamushe.

Akafungua macho.

"Ile kibuyu ya mwisho ni ya jana. Usimupelekee Mama Élise."