Joto la Vitanda Vitano

Wewe uliyejilaza hapo na simu kifuani, hebu nijibu: umewahi kugusa godoro ambalo hakuna aliyelilalia, ukalikuta lina joto la mwili?

Kama hujawahi, shukuru. Baba Mdogo amewahi. Na Baba Mdogo si mtu wa kuona majini kwenye pazia. Ni fundi wa viyoyozi vya boti, miaka ishirini na sita kwenye fani. Ukimwambia nyumba fulani ina mapepo, atakuuliza kwanza kama madirisha yake yanafunga vizuri.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida kabisa. Sebuleni, binti yake wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alikuwa anapiga pasi sare mpya. Kitinda ana digrii ya takwimu, upper second, na miaka minne ya kuandikiwa "we will get back to you" na watu ambao hawakurudi. Hatimaye alikuwa amepata kazi: mhudumu kwenye boti ya kampuni inayopeleka wapimaji baharini. Kutandika, kuchemsha chai, kufuta vioo. Kuanza Jumatatu. Nyumba nzima ilishangilia utadhani kateuliwa balozi.

"Msinicheke," alisema huku akinyoosha kola. "Pasi hii ndiyo matumizi ya kwanza ya digrii yangu."

Simu ya Baba Mdogo ikaita. Aliyepiga alikuwa meneja wa kampuni hiyohiyo. Mabaharia humwita Noted, kwa sababu ukimwandikia kwamba boti inavuja atajibu "Noted", na ukimwandikia kwamba umefiwa atajibu "Noted".

"Fundi, kiyoyozi cha chumba cha mabaharia hakipoozi. Uje uniambie, tutengeneze au tuchague kingine? Jumatatu tunaondoka."

Boti ileile. Masikini wa Mungu, Baba Mdogo akafurahi. Mwanangu atalala humo, alijisemea, acha nimpoozee mwenyewe.

Chumba kilikuwa chini ya sitaha, kimepakana na injini, hakina dirisha hata la kupitisha ngumi. Vitanda sita vilipandana viwiliviwili. Mlangoni palikuwa na kufuli lenye vumbi.

Kiyoyozi cha boti hujipoza kwa maji ya bahari. Pampu inayavuta kupitia tundu chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanabeba joto la chumba, kisha yanatemwa ubavuni. Joto halifi, Baba Mdogo hutuambia kila siku, linahama tu; ukijua linatoka wapi umemaliza kazi. Basi akaanza. Chujio, safi. Koki, wazi. Maji yanatoka ubavuni kwa nguvu. Gesi iko sawa, feni nzima. Akafunga mlango, akakaa kwenye ngazi nusu saa, akarudi kusoma joto. Nyuzi ishirini na nane. Akatoka, akakaa nusu saa nyingine.

Ishirini na nane.

Hapo mafundi wengi husema "nunua kubwa zaidi", wakaondoka na chao. Baba Mdogo hana tabia hiyo. Yeye hupiga hesabu kurudi nyuma. Chumba cha ukubwa ule, kilicho chini, kisichopigwa jua, mashine ile ilikitosha na nguvu ikabaki. Kwa hiyo kulikuwa na joto la ziada. Kiasi gani? Akaandika nyuma ya boksi la fyuzi. Mtu aliyelala hutoa joto karibu sawa na balbu ya wati mia. Joto lililozidi mle ndani lilikuwa la balbu tano.

"Haya, balbu zenyewe ziko wapi?" aliuliza kwa sauti, akacheka peke yake.

Akafungua nyuma ya mashine. Ukutani kulikuwa na bamba la bati, pana kama sinia, limekazwa kwa skrubu na kupakwa rangi mpya kuliko ukuta. Akaligonga. Tupu. Upande wa pili ni chumba cha injini. Cheko likamwisha, kwa sababu alielewa. Fundi fulani wa zamani alitoboa pale ili mashine ivute hewa kutoka upande wa injini. Katika fani hii hilo ndilo kosa lisilo na msamaha. Bomba la moshi likipata ufa mwembamba tu, kiyoyozi kinaufyonza moshi na kuwapulizia waliolala. Ile sumu yake haina harufu. Haimwamshi mtu.

Lakini bamba lilikuwa limekaza. Joto halikuwa linapita hapo.

Akatoa kipima joto, kile cha bastola, unalenga kinasoma. Ukuta, ishirini na saba. Dari, ishirini na nane. Sakafu, ishirini na sita. Kitanda cha kwanza.

Thelathini na saba.

Akadhani kifaa kimeharibika. Akajilenga kiganja, kikasoma sawasawa. Akalenga kitanda tena. Thelathini na saba. Akaweka mkono. Godoro lilikuwa na unyevu, limebonyea begani na nyongani. Alipoondoa mkono, bonyeo likahama polepole kuelekea ukutani. Kama mtu anayempisha mwenzake.

Cha pili, thelathini na saba. Cha tatu. Cha nne. Cha tano.

Cha sita kilikuwa cha pembeni, chini ya tundu la hewa. Ishirini na nane, joto la chumba, basi. Kimetandikwa vizuri. Mto umewekwa katikati.

Hakukimbia. Alibana pumzi asikilize, na mle ndani kupumua hakukukoma.

Alipopanda ngazi, alimkuta mpishi wa boti jikoni, mzee mpole, anamenya vitunguu.

"Umemaliza, fundi?"

"Mzee wangu, chumba cha chini analala nani?"

"Hakuna. Sisi tunalala juu. Hata mvua ikinyesha tunajifunika turubai."

"Kwa nini?"

Mzee akatazama mlango. Akanong'ona. "Pamejaa."

"Vitanda ni sita. Mimi nimehesabu watano."

Kisu kikasimama. "Umehesabu vizuri. Cha sita kina mwenyewe. Usiku ule alikuwa zamu, juu huku. Akashuka alfajiri kuwaamsha wenzake, hakuamka hata mmoja." Akarudi kwenye vitunguu. "Wanamuuliza mpaka leo mbona haji kulala." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na vitunguu vilimpa kisingizio.

Siku hiyohiyo Baba Mdogo alimwandikia meneja, ujumbe mrefu, kwa adabu zote. Mtu asilale chumba kile. Bamba lisiguswe kwa sababu yoyote. Na kama kuna watu walifia mle, mkaguzi aitwe upya.

"Noted."

Akapiga simu. Meneja akapumua kama mtu anayesumbuliwa na inzi. "Fundi, sikukuita uniletee historia. Chagua mashine kubwa, tuweke, tuondoke."

"Kubwa haiingii pale bila kutoboa ukuta. Na ukuta ule mimi sitoboi."

"Sawa. Atakuja mwingine."

Unaona? Ndivyo nchi zinavyoendeshwa. Anayekataa kuua anabadilishwa, shughuli inaendelea.

Jumamosi, mchana, mezani, akamwambia mwanawe. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, na yote yakatoka ovyo.

"Mama, usiende."

"Baba, unataka kuniambia vitanda vina homa?"

"Nimepima. Vitano."

"Sampuli ya vitanda sita!" Kitinda akacheka mpaka akakohoa. "Baba, kwa sampuli hiyo profesa wangu angekufukuza darasani." Kisha akaona uso wa baba yake, akaacha kucheka, na hasira ikaja badala yake. "Miaka minne, baba. Nimeuza vocha. Nimeosha nguo za watu niliowafundisha hesabu. Leo nimepata kazi yenye tarehe ya mshahara, wewe unaniletea majini?"

"Basi lala juu na wenzako."

"Mwanamke ni mimi peke yangu. Wameniachia chumba kizima niwe na faragha. Jana walipotutembeza, yule mzee mpishi, jamani mpole yule, kanipa kitanda chake mwenyewe. Cha pembeni, chini ya tundu la hewa."

Kijiko kikamponyoka Baba Mdogo.

"Chake?"

"Chake. Kaniambia, 'Binti yangu, mimi nimezeeka, kalale wewe.' Tena akanishika mkono akanishukuru. Mimi ndiye napewa, yeye ndiye anashukuru!"

Baba Mdogo alizungumza mpaka sauti ikakauka. Alimweleza kuhusu mpishi, kuhusu zamu, kuhusu alfajiri ile. Kitinda alimsikiliza kama unavyomsikiliza mzazi aliyechoka. Mwisho akambusu kipajini. "Nitalala na mlango wazi. Umeridhika?"

Jumatatu, saa nne asubuhi, jua kali, gati limejaa watu wenye haraka. Baba Mdogo akajipenyeza botini kabla ya abiria. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa amelala mle. Shuka la kitanda cha sita lilikuwa bado na mikunjo ya pasi.

Akalenga.

Thelathini na tatu.

Akasubiri. Akalenga tena.

Thelathini na nne.

Akapanda ngazi kwa mikono na miguu. Kitinda alikuwa gatini na begi lake, sare imenyooka. Baba Mdogo akalishika begi.

"Baba, watu wanatuangalia."

"Nakuomba."

"Baba, achia."

"Nakuomba, mama."

Walinzi wawili wakamtenganisha, kwa upole, kama unavyomtoa mlevi msibani. Mwanawe akapanda. Kamba zikafunguliwa. Alisimama pale mpaka boti ikawa doa, kisha doa nalo likaisha. Kila aliyemwendea kumweleza alitikisa kichwa kwa huruma na kutazama saa.

Saa tisa alasiri ujumbe ukaingia.

"Baba, huku chini baridi tamu ajabu! Hata sielewi ulikuwa unalalamikia nini. Nimechoka, najinyoosha kidogo."

Akausoma mara moja. Chumba kile kilikuwa kimepoa, na joto halifi, linahama tu.

Akapiga. Ikaita. Akapiga. Ikaita. Akapiga tena, ikasema haipatikani. Akampigia meneja mara kumi na moja. Akaenda ofisini kwao, akaambiwa asubiri kwenye benchi, akasubiri mpaka wakafunga. Akaandika: mwamsheni mwanangu, tafadhali, shukeni tu mumwamshe.

Alama mbili za bluu. Akasubiri jibu.

"Noted."

Walimrudisha siku ya tatu. Ripoti ya kampuni ilikuwa na mistari minne, na neno lililobeba mzigo wote lilikuwa "moyo". Moyo wa msichana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa anapanda ghorofa nne huku anaimba. Mabaharia waliapa kwamba fundi mpya aliletwa Jumapili na kulitoa bamba kwa amri ya ofisi, ili kiyoyozi "kipate hewa". Waliapa mbele yetu. Mbele ya mkaguzi hawakukumbuka kitu, na mimi siwalaumu sana, wana watoto.

Mpishi hakuja mazikoni. Alikuwa ameacha kazi siku boti iliporudi. Waliomwona wanasema amenenepa.

Baada ya wiki mbili boti ikapandishwa kwenye chelezo, nchi kavu. Baba Mdogo akamwomba mlinzi amruhusu ashuke dakika tano. Alikwenda na kipima joto chake. Alikuwa amejiandaa, unajua, kwa kile ambacho angekikuta. Niseme ukweli: alikuwa anakitaka. Alilenga kitanda cha sita akiomba kisome thelathini na saba. Kama ni mzimu uwe mzimu, ilimradi ni wake.

Kilisoma sawa na ukuta. Akaweka kiganja. Akalaza shavu. Godoro lilikuwa godoro.

Vingine vitano navyo hivyohivyo. Hapakuwa na mtu.

Alipotoka alisikia maji. Kiyoyozi kilikuwa kimeng'olewa, kimekaa kwenye vumbi kando ya boti. Pampu haikuwepo. Mipira ilikuwa imekatwa. Bahari ilikuwa hatua mia kutoka pale. Lakini lile tundu la ubavuni, la kutemea maji, lilikuwa linatiririsha. Linatiririka, linasita. Linatiririka, linasita. Kama kifua. Ardhi chini yake ilikuwa imeota ukoka wa kijani. Mlinzi akasema wamelipiga kizibo cha mbao mara tatu, na kila asubuhi wanakikuta chini. Baba Mdogo akakinga kiganja. Yalikuwa ya vuguvugu.

Bado yanatoka. Nilikwenda mwenyewe wiki iliyopita, nikaweka mkono.

Na sasa boti imepakwa rangi, ina jina jipya, na tangazo liko mtandaoni: "Chumba cha mabaharia, kiyoyozi kipya, nafasi ya watu sita."

Basi ninyi wa ofisini, na wewe mkaguzi uliyepiga muhuri bila kushuka ngazi: ondoeni tangazo hilo leo. Mtajeni aliyeamuru bamba litolewe, kwa jina na cheo. Na wale watano mliowafunika kwa rangi walikuwa na mama zao. Andikeni majina yao, yote, hadharani, na la dada yangu liwe la sita. Kisha mteremke chini mle mmoja mmoja, mkajilaze, mtuambie kuna joto kiasi gani.