Kitu Yenye Ilikuwa Mu Goti ya Binti

Goti ya Binti ilikuwa ya moto. Bukavu, mwezi wa munane, asubuhi, batu banajifunika mpaka masikio, na goti ya mutoto inachoma sawa sufuria ya bugali. Mama yake, Rahima, ule anauzishaka vitenge ku Kadutu na akicheka soko nzima inageuka, aliigusa, akatosha mukono mbio. Ile siku hakucheka.

"Ulianguka ku masomo, mukicheza?"

"Hapana, mama. Inaniuma yenyewe tu. Nikilala, iko. Nikiamuka, iko."

Ikavimba. Bajirani bakasema, mupeleke kwa Maman Rosalie. Nani hamujue ule maman? Mufupa ikitoka fasi yake, anakanda na mafuta ya ng'ombe mpaka inarudia. Akakanda wiki moja, goti ikakuwa sawa tunda ya avoka. Wiki ya pili, kitu ikajisogeza chini ya vidole vyake, sawa paka yenye banapapasa. Rosalie akanusa mikono. Ilinuka chuma yenye imelala mu mvua.

"Maman Rahima," akasema pole pole, "mimi nakandaka mifupa. Hii si mufupa. Inakula mikono yangu, inanona."

Kesho yake, saa sita ya muchana, mvua ikapiga mabati, courant ya umeme ikakatika, na Rahima akasikia mu chumba ya Binti kru, kru, sawa mutu anatafuna mahindi kavu, akasukuma rido, ile pazia ya mulango, akakuta mutoto amelala, goti inapanda na kushuka kama kifua ya mutu anapumua, na kinywa ya mutoto ikafunguka, sauti ya muzee ikatoka mule:

"Nikande, mama. Ukinikanda, napanda."

Bwana ya Rahima, Amisi, akabapakia bote ku moto, ile pikipiki yake, mbio ku hopitali. Docteur Hugues akashika radio, ile foto ya mifupa, ku dirisha. Pembeni ya mufupa ilikuwa imeota miiba.

"Ni kansa ya mufupa. Inapendaka batoto benye bangali banarefuka, na fasi yake ni hapa, karibu na goti."

"Ni jini," Rahima akasema.

"Muiite vile munapenda, maman. Inatafuta kupanda ku mapafu. Haiyafika bado. Tuipige na dawa, kisha tukate muguu. Tukiiwahi, batoto mingi banapona. Ikifika juu, ni bachache."

Amisi akanongona: "Mutoto wa muguu moja, nani atamuoa?"

"Na maiti, nani anaioaka?" Rahima akamuuliza.

Miezi tatu ya serumu, dawa inashuka tone kwa tone mu mushipa, nywele ikaisha, kisha bakakata. Amisi akafunga ule muguu mu sanda, akaenda kuuzika vile Baislamu banafanyaka. Akarudia jasho inatiririka. "Ilikuwa inakuwa muzito kila hatua," akasema.

Siku ya tatu, muchana, Binti akaamuka. "Mama, muguu inaniuma. Ile yenye haiko. Nikande kidogo."

Docteur alishakasema: mishipa ingali inakumbuka, musiogope. Rahima akanyoosha mukono. Akaona chini ya shuka, pale fasi ya bule, matela ya kitanda imedidimia, murefu, sawa kuko kitu imelala. Na goti yake inapumua.

"Nikande."

Kinywa ya Binti ilikuwa imefungwa.

Rahima akaingiza mikono yote mbili chini ya makalio, akaikalia na uzito yake yote, na ni mingi. Infirmière, ule anachungaka bagonjwa, akaingia na karatasi.

"Radio ya mapafu iko safi, maman. Mupige mikono basi, mufurahi."

Rahima hakuitosha mule chini.