Kadi Chini ya Msumari

Saa 3.10 asubuhi

Mpango ulisomwa katika chumba cha nyuma cha duka la simu la Hardy, Albert Park mjini Durban, kwa heshima zote za ibada. Mlango ulifungwa. Redio iliongezwa sauti. Hardy akapiga chafya, akajipangusa pua, akaanza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Makumbusho ya Berea. Leo Jumatatu, hakuna wageni. Mhifadhi wao, ile mama Muzungu, iko safarini mpaka Jumatano. Picha ni moja. Mwanamke na samaki. Ndogo, inaingia ndani ya sanduku ya televisheni. Nasibu anaendesha. Papa Juvénal anaitoa. Doris iko ndani tayari, anapiga deki. Swali?"

"Mlinzi je?" akauliza Nasibu. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, dereva. Alipenda kuuliza maswali yenye maana, kasoro ambayo katika genge lile alikuwa nayo peke yake.

"Uliza Papa."

Wakamgeukia Juvénal. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhifadhi wa picha za Ulaya katika makumbusho moja ya Lubumbashi. Kisha vurugu zikaja, naye akakimbia. Sasa huu ulikuwa mwaka wake wa nne Durban akilinda magari ya watu kando ya barabara, na kuyapungia mkono yakiondoka.

"Mlinzi hashtuki akiona msumari mtupu," alisema. "Picha hutoka kila siku. Kusafishwa, kutengenezwa, kuazimwa. Anachotafuta ni kadi chini ya msumari. Kadi inasema nini kimetolewa, lini, kwa nini, na nani. Ikiwepo kadi, kila mtu anaendelea na chai yake."

Hardy akainua kadi nyeupe, imepigwa taipu, imetiwa sahihi na bwana M. Pillay, fundi wa picha ambaye mama yake bado hajamzaa. Pamoja nayo palikuwa na barua yenye nembo ya makumbusho, kazi nzuri ya mashine ya kopi ya dukani.

Kisha akajipapasa mfuko wa shati. Mle ndimo ilimokuwa karatasi ya ukimbizi ya Juvénal. Wiki tatu nyuma Juvénal aliileta itolewe kopi. Hardy akaisoma, akafika kwenye mstari wa kazi, akaikunja na kuitia mfukoni. Kwa usalama, alisema.

Karatasi ile ilikuwa na majina matatu: Juvénal, mkewe Agathe, binti yao Carmel. Muda wake ulikuwa unaisha leo. Ofisi ya wakimbizi ilifunga saa tisa alasiri. Bila muhuri mpya, kuanzia kesho wote watatu wangeweza kuokotwa njiani na kurudishwa kule walikokimbia. Agathe alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, anamshikia mumewe nafasi.

"Picha kwangu, karatasi kwako," alisema Hardy. "Mi siko mutu mubaya, Papa."

Na kweli hakuwa mbaya. Aliwahi kulia harusini.

Saa 5.05 asubuhi

Mlinzi aliitwa Ezekieli, mzee wa Kizulu mwenye kofia iliyopigwa pasi. Aliisoma barua mara mbili. Aliitazama kadi mara moja.

"Eish. Hii siyo."

Juvénal akatupia jicho mlango.

"Kadi zetu ni za njano," alisema Ezekieli. "Nyeupe siweki ukutani kwangu. Mama akirudi ataniuliza mimi." Akavuta droo, akatoa kadi ya njano na kalamu, akampa kwa mikono miwili. "Andika vizuri, baba. Mimi nasoma."

Pembeni Doris aliendelea kupiga deki kipande kilekile cha sakafu. Kilikuwa kimeng'aa kupita vyote katika jimbo zima.

Juvénal akavaa glavu. Akaishusha picha kwa kushika pande mbili, si juu, maana fremu hushikwa pande mbili. Akaigeuza, akakagua mgongo. Akaielekeza dirishani, mwanga uipite kwa ubavu. Mwanamke wa Flandasi, huko Ulaya, alikuwa anamkwangua samaki magamba na hakutaka kusumbuliwa. Ufa wa zamani juu kushoto. Rangi imebanduka karibu na jicho la samaki. Yote akayaandika, kwa mwandiko ulionyooka.

Ilikuwa miaka sita tangu mtu yeyote ampe kadi ya kuandika. Alisahau duka la simu. Alisahau magari. Kwa dakika nane alikuwa kazini.

Ezekieli akaichoma kadi ukutani kwa pini, akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka.

"Sasa huyu," akamwambia Doris, "anaijua kazi."

Saa 5.41 asubuhi

Nasibu alikuwa amewapitisha robot ya tatu, taa za barabarani kwa lugha ya huko, njia ya kwenda ghala la Hardy la Mobeni, sanduku la televisheni likiwa limefungwa mkanda nyuma kama abiria wa heshima, ndipo Juvénal alipojitazama kidole chenye wino.

Nini, lini, kwa nini. Nani.

Hakuandika Pillay. Mkono wake ulifika kwenye mstari wa mwisho ukafanya kile ulichofanya kwa miaka kumi na tisa. Uliandika jina lake. Lote. Hata la babu.

"Nasibu. Simama kwenye simu."

"Mzee, tuna dakika arobaini tu."

"Tumbo."

Nasibu alimtazama kwenye kioo. Akakata kona kuingia kituo cha petroli. "Tumbo lako linapiga simu? Haya. Dakika tatu."

Simu ya chumba cha wasafishaji iliita mara nne.

"Doris, ni mimi. Ile kadi..."

"Nimeiona," alisema Doris. "Papa, wewe ni mtu wa aina gani? Mwizi anayeacha jina na tarehe!"

"Ing'oe. Nakuomba, mama."

"Ezekieli ameweka kiti chake mbele yake. Anaisoma kama gazeti. Nikiigusa ataniuliza kisa."

"Mwambie nimekosea."

"Sikiliza. Jina langu halipo pale. La Hardy halipo. La Nasibu halipo. Lipo lako tu. Nina watoto, Papa. Nimeshampigia Hardy."

Simu ikakatwa.

Kukimbia? Karatasi ilikuwa mfukoni mwa Hardy. Kubaki? Hata akiipata karatasi, kwenye dirisha la muhuri lazima ajitaje kwa jina lilelile lililokuwa ukutani Berea. Alirudi garini. Hakukuwa na kwingine kwa kurudi.

Saa 6.30 mchana

Ghalani Mobeni, Hardy aliwapokea kwa tabasamu la shemeji. Akafungua sanduku, akamwangalia mwanamke na samaki wake, akalifunga. Kisha, bila kuombwa, akatoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya paja na kumpa Juvénal.

"Kazi safi, Papa. Safi sana. Nasibu atakufikisha mpaka mulango ya ofisi. Usichelewe."

Hakutaja kadi. Akamnyooshea Juvénal kola ya shati, polepole, kama anamwandaa bwana harusi.

Saa 7.50 mchana

Mjini robot ilikuwa nyekundu. Nasibu alizima redio.

"Mzee, nilikuwa nyuma ya gari pale ghalani. Nimemsikia Hardy. Amewapigia makumbusho kwa Kiingereza cha redioni. Amewaambia wasome kadi yao. Amewaambia na ofisi utakayokwenda."

Juvénal alitazama karatasi iliyokuwa magotini mwake.

"Wakikukamata wewe, hawatafuti mwingine. Ndiyo hesabu yake." Nasibu akafungua kufuli la mlango wa abiria. "Shuka hapa. Mimi nitasema ulinitoroka. Dah, shuka basi, inageuka kijani!"

Akishuka, angekuwa huru mpaka kesho asubuhi. Agathe na Carmel wangekuwa huru mpaka kesho asubuhi.

"Polisi wana gari lenye kasi kuliko hili?"

Nasibu alimwangalia. Kisha akakanyaga mafuta.

Saa 8.04 mchana

Agathe alikuwa wa tatu kutoka dirishani, miguu imevimba, uso mkavu.

"Umetoka wapi? Watu wametaka kunipiga kwa sababu ya nafasi yako!"

"Agathe, sikiliza, usijibu. Wakipiga muhuri, chukua karatasi utoke kwa ngazi ya nyuma. Mchukue Carmel shuleni, msilale nyumbani. Usigeuke. Lolote utakalosikia, usigeuke."

Agathe alimtazama machoni, akamsogezea nafasi mbele yake.

Wa pili. Karani akaenda kutafuta wino. Akarudi. Kupitia dirisha la ukutani, chini barabarani, gari la polisi lilikuwa linatafuta pa kuegesha, na mlinda magari mmoja alikuwa analielekeza kwa bidii.

"Anayefuata."

Karani akasoma majina yote matatu, moja moja, kwa sauti. Akauliza tarehe ya kuzaliwa ya Carmel. Juvénal akaitaja. Buti za polisi zilikuwa ngazi ya kwanza. Karani akalinganisha picha, akapuliza muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akaubonyeza tena.

Ukashuka.

Mkono ulipomkamata Juvénal bega, karatasi ilikuwa imeshavuka kwenda mkononi mwa mkewe. Agathe alikuwa anateremka ngazi ya nyuma bila kugeuka, ameishika kwa ncha za vidole, akiipepea wino ukauke.