Chui wa Chumba cha Nyuma

Mdogo wangu na mumewe walikuwa wakitengeneza video za wanyama pori na kuziweka mtandaoni. Ninaandika yaliyotokea kwao kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu ndugu zetu wanayasimulia kwa kuongeza chumvi. Mimi sitaongeza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikwenda kuwashikia mtoto, Kipusa wa miaka minne, ili wamalize video ya chui iliyotakiwa kutoka siku hiyo.

Wengi hawajui kwamba picha za namna ile hupigwa kutoka mbali sana, na sauti inayonaswa ni ya upepo tu na ya mpiga picha akivuta kamasi. Nyayo, pumzi, mifupa ikivunjika, vyote hutengenezwa baadaye. Mdogo wangu alivitengenezea katika chumba cha nyuma. Alivaa glavu za ngozi alizozishonea vibanio vya karatasi badala ya kucha, akapiga magoti mbele ya karai la udongo na majani makavu, akawa chui.

"Watu laki mbili wamemwogopa simba wetu wa video iliyopita, dada," shemeji alinitania. "Hawajui simba mwenyewe anapaka rangi ya kucha."

"Na ndiye anayekupikia," mdogo wangu akamjibu kutoka ndani. "Nyamaza, narekodi."

Fundi sauti mzee aliyemfundisha kazi alimpa sharti moja: ukimwingiza mnyama kwa nyayo, mtoe kwa nyayo, hata kama picha imekwisha. Mdogo wangu alidhani ni jambo la kiufundi tu, ili sauti ififie vizuri. Hata hivyo hakuwahi kuliacha.

Siku ile aliliacha. Chui alikuwa katikati ya hatua, glavu moja ingali juu, Kipusa aliponiponyoka, akaanguka kwenye korido na kulia. Mama yake akavua glavu, akatoka mbio bila kuzima kinasa sauti. Tulimbembeleza, tukamkanda goti, tukaingia jikoni kunywa chai. Hakurudi kumtoa chui.

Saa sita mchana shemeji alituita kwenye kompyuta.

"Ulirekodi muda gani?"

"Kama sekunde arobaini."

"Hapa kuna dakika tatu, kisha kinasa kikajizima."

Nilimpakata Kipusa, tukasikiliza. Nyayo laini za miguu minne zilikuja hadi pale glavu ilipoinuka. Kimya. Kilio cha mtoto kwa mbali. Mama yake akikimbia. Chumba kikabaki kitupu.

Halafu hatua moja. Nyingine. Hazikuwa tena kwenye udongo. Zilikuwa kwenye sakafu, zikielekea mlangoni.

"Paka," shemeji alisema.

"Paka gani? Tuna paka sisi?"

Ikasikika pumzi, karibu kabisa na maikrofoni. Kisha sauti ya Kipusa, ikinong'ona: "Mama ameshaondoka. Twende."

Asubuhi nzima Kipusa hakuingia chumba kile. Sasa alikuwa mapajani mwangu, mdomo ameufumba, macho yametulia kwenye korido. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji.

"Futa," nilimwambia shemeji. "Futa hicho kitu."

Akafuta. Akazima kompyuta.

Nyayo hazikukoma. Zilikuwa kwenye korido. Kucha zikigusa saruji. Hatukuona kitu.

Mdogo wangu hakupiga kelele. "Mshike mwanangu," alininong'oneza. "Usimwachie." Akapita katikati ya sauti ile kama anayepita kwenye maji, akaingia chumba cha nyuma. Shemeji akamfuata, akawasha kinasa sauti kwa mazoea tu. Mdogo wangu akavaa glavu, akapiga magoti, akaanza kumtoa. Hatua. Hatua. Taratibu, kwa upole, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Zile za kwenye korido zikafuata mikono yake. Zikapungua. Zikaisha.

Mkono wa Kipusa ukapata joto. Akaomba maji. Sote watatu tulilia.

Kile kilichorekodiwa tulikisikiliza mara moja tu. Nyayo nne zinakwenda zake. Nyuma yake, nyayo mbili ndogo, peku, zinakimbia kidogo kidogo, kama za mtoto anayeogopa kuachwa. Zikafifia pamoja.

"Lakini yuko hapa," mdogo wangu alisema. "Dada, si umemshika?"

Nilikuwa nimemshika.

Kipusa sasa ana miaka saba. Anakula, anabishana, anasoma vizuri. Kwa kuwa sipendi kuandika nisilolihakikisha, mwezi uliopita nilichukua viatu vyake vya shule, vyenye soli ngumu, nikavigonga sakafuni. Vikalia ko, ko. Nikamvisha, nikamwambia akimbie hadi mwisho wa korido na kurudi. Nikafumba macho nisikilize.

Nikangoja. Nikangoja sana.

"Kimbia basi, mwanangu."

"Mama mkubwa," alisema, pumzi zake zikinigusa shavuni, "hii ni mara ya tatu narudi."