Soksi ya Karatasi kwenye Mtungi wa Okbun

Yeonok aliiona asubuhi, alipokwenda kufunua mitungi ya mama yake ipate jua. Soksi ilikuwa imebandikwa vibaya.

Huku kwetu kusini mwa Korea, mtungi wa mchuzi wa soya hubandikwa soksi ya karatasi nyeupe, unyayo ukiangalia juu, ili kitu kibaya kikija kipotee njia. Mama yake, Bi Okbun, alikuwa akibandika hivyo miaka arobaini na miwili. Sasa unyayo ulikuwa chini, na kidole kimeelekea mdomo wa mtungi, mguu kamili wa mtu anayeingia.

"Mama, soksi umeigeuza."

"Mimi? Nabandika soksi tangu wewe unajikojolea mgongoni kwangu! Hebu toka hapa."

Wakacheka, na Yeonok akaiacha vilevile. Simsamehi kwa hilo. Aliona haya kumsahihisha mama yake, basi.

Mwanzoni mambo yalikuwa ya uzee tu. Miwani ilitafutwa ikiwa kichwani, jina la jirani likakwama hadi jioni. Hata daktari wa mjini alisema hakuna neno. Kisha Bi Okbun akatia kabichi chumvi mara tatu, halafu akapotea njia ya sokoni, aliyoipita tangu aolewe. Safari ya pili daktari hakutabasamu. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema vidonge vitauchelewesha kidogo, kuurudisha nyuma havitaweza.

Ilipofika siku ya kutengeneza mchuzi mpya, Bi Okbun alisimama mbele ya beseni la maji ya chumvi na yai mkononi. Alilitazama muda mrefu.

"Hili tunalifanyaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Yeonok hakujua. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya mama.

Hapo ndipo aliposikia mnong'ono. Ilikuwa saa sita, jua la utosini, uani hakuna mtu mwingine. Aliufuata hadi kwenye mtungi wenye ile soksi, akainama. Haukunuka soya. Ulinuka shingo ya mama yake, ya zamani, Yeonok alipokuwa akibebwa mgongoni.

"Litie yai majini," mtungi ulisema, kwa sauti ya Bi Okbun. "Likielea likatoa uso wa ukubwa wa sarafu juu ya maji, chumvi imetosha."

Tangu siku hiyo kila kilichotoka kichwani kwa mama kiliingia mtungini. Aliposahau jina la marehemu mumewe, mtungi ulilitaja mchana kutwa, taratibu, kwa raha ya mtu anayetafuna, na Yeonok akifunika kwa mfuniko, akifunika kwa gunia, akikimbilia jikoni na kuziba masikio, bado alilisikia likipita ukutani na sakafuni, huku mama yake ameketi akipepesa macho na kuuliza ni nani huyo anayeitwa.

Akamwita Bi Wolseon, mganga. Mganga alinusa mtungi mara moja tu, akarudi nyuma.

"Jini limepita kwenye soksi," alinong'ona. "Nitalitoa kesho, leo siku si njema. Lakini nisikufiche, mwanangu. Likitoka linaondoka na lilichokula. Mama yako atabaki na kilichobaki."

"Bado ananijua."

"Basi kesho mapema, kabla halijafika kwenye jina lako."

"Na tukiliacha?"

"Likimmaliza yeye, litatafuta aliye karibu."

Alfajiri Yeonok alimpelekea mama yake uji. Bi Okbun akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama apokeavyo mgeni.

"Asante, dada. Wewe ni wa nyumba gani?"

Yeonok alitoka nje asione anapokanyaga. Bi Wolseon alikuwa tayari getini na ngoma yake. Na kutoka uani, kwa sauti ileile iliyomlea, mtungi ukaita:

"Yeonok! Njoo ule, wali usije ukapoa."

Ulikuwa ndio mdomo pekee duniani uliobaki kumwita hivyo. Alilia kwa uchungu, akamshika mganga mikono.

"Nenda nyumbani, mama. Tafadhali."

"Mtoto, unajua unachofanya?"

"Najua. Nenda."

Mwaka mzima alikaa kando ya mtungi, kila mchana, akiitwa. Bi Okbun alifariki kimya kimya wakati wa baridi. Baada ya maziko mtungi ulinyamaza, naye akausihi mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kutengeneza mchuzi ilipofika tena, Yeonok alijaza beseni maji, akatia chumvi, akachukua yai. Akalitazama. Lilikuwa jeupe, la baridi, na lilikuwa mkononi mwake kwa sababu fulani. Alisimama juani hadi kivuli chake kikahama.

"Litie majini," mtungi ulisema nyuma yake.

Sauti haikuwa ya mama. Ilikuwa ya Yeonok mwenyewe.